Kamba Iliyofungwa Juu

Hebu niambie, wewe unayesoma: mchumba wako akikuomba useme uongo mdogo tu, na siku ya harusi imeshapangwa, utamnyima?

Kanmani aliombwa hivyo kwenye mabomba ya kunawia, katika kiwanda cha nyaya za magari huku kwetu Sriperumbudur. Mikono ya koti lake la kazi ilikuwa na damu. Haikuwa yake. Ilikuwa ya Thenmozhi, binti wa meza moja naye, aliyetoka kupondwa vidole na mashine ya kubana nyaya.

"Sema alikuwa anapiga soga," Ilango alimwambia. Ndiye mchumba, na ndiye msimamizi wao. "Matibabu watamlipia tu."

"Hakuwa anapiga soga. Tangu asubuhi alikwambia mashine inashuka yenyewe."

"Kanmani, nisikilize. Wakijua mimi ndiye niliyeifunga kamba, sina kazi. Baba yako atanipa mke nikiwa nauza maua ya asumini barabarani?"

Kamba yenyewe ni ya njano, inapita juu ya vichwa vya mabinti. Wajapani wenye kiwanda waliiweka ili yeyote akiona hitilafu aivute, kazi yote isimame, na aliyevuta ashukuriwe. Lakini kwetu mdogo hasimamishi kazi ya mkubwa. Kila ilipovutwa, mameneja wetu wenyewe walimwita Ilango wakamfokea mbele za watu. Akachoka, akaipandisha, akaifunga kwenye chuma cha feni. Thenmozhi alipopiga ukelele, Kanmani alirusha mkono juu, akashika hewa.

Mchana akaja Bwana Hayakawa, mkuu wao kutoka Japani, kofia mkononi, na mkalimani wake. Hao huuliza kwa nini, ukijibu wanauliza tena, mpaka wafike chini kabisa. Sisi tumezoea kwamba bosi akiuliza kwa nini, anagomba. Unakubali kosa upesi yaishe.

"Kwa nini mkono uliumia?"

"Kosa letu, bwana," mabinti wakajibu pamoja.

"Sitafuti mwenye kosa. Kwa nini mashine haikusimamishwa?"

Ilango alimkazia macho Kanmani.

"Hatukuvuta kamba," Kanmani akasema.

"Kwa nini?"

"Ilikuwa imefungwa juu."

"Kwa nini?"

"Msimamizi aliifunga. Tukiivuta, yeye anatukanwa."

Mkalimani akasita. "Dada, na hilo nitafsiri?"

"Tafsiri, kaka."

Hayakawa akainama mbele ya mabinti, akakaa ameinama hivyo mpaka wengine wakaona haya. Jioni Ilango akaambiwa asirudi tena. Wale mameneja waliokuwa wakimfokea walibaki ofisini, na chai yao ililetwa kama kawaida.

Nyumbani, mama yake Kanmani alikuwa amekaa sakafuni na sari ya harusi mapajani.

"Ilango hanywi. Hajawahi kukuinulia mkono. Unamwangusha mwanaume kwa vidole vya mwenzio?"

Kanmani alifunga idli, vikeki vya mchele vya mvuke, kwenye jani la mgomba, akaenda hospitali.

Thenmozhi alikuwa ameelekea ukutani.

"Nimesikia umesema ukweli, dada," akasema. "Sasa nywele zangu atasuka nani?"

Kanmani akatafuta kitana, akamsuka taratibu, akampaka na mafuta.

Alipotoka nje kwenye korido, ujumbe wa Ilango ukaingia kwenye simu yake:

"Nimekusamehe. Mjomba amenipatia kazi Hosur. Mwambie baba harusi iko palepale, sikukuu ya Pongali ikipita."

Kabla hajaiweka simu mfukoni, ikalia.

"Umesoma?"

"Nimesoma."

"Mbona kimya? Unataka nini, Kanmani? Nyumba yetu wenyewe, mama yangu abaki kijijini? Sema, nitakupa."

Ndani, Thenmozhi alikuwa anamwita muuguzi kwa sauti ya chini. Kanmani akaegemea ukuta.

"Nilitaka uniulize Thenmozhi anaendeleaje," akasema. "Tangu pale kwenye mabomba nakungoja uulize."