Maiki Namba Nne

Kila Jumamosi mchana, kabla ya onyesho la vijana wa kanisa mjini Apia, Mama Tualagi aliwapanga waimbaji mstari kama wagonjwa wa kliniki. Yeye ndiye fundi wa sauti. Kila mmoja alivalishwa maiki ndogo ya kutundika sikioni, ncha yake shavuni, kifaa chake cha kurusha sauti kikabanwa kiunoni, na kila mmoja alisikia maneno yaleyale.

"Msiiguse kwa mikono yenye mafuta ya maandazi ya panikeke. Ukibanwa haja, njoo nikuvue kwanza. Mwaka jana nilikwangua nta za masikio yenu mpaka nikashindwa kula."

Sieni, msichana wa miaka kumi na mitatu, alivaa namba nne. Maiki zilikuwa sita na waimbaji saba, kwa hiyo wakati wa mapumziko namba nne ilihamia kwa Peti, mtoto wa miaka minane, aliyefungua sehemu ya pili kwa kuimba peke yake.

Siku hiyo Sieni alikuwa amekunywa vikombe vitatu vya koko, kakao ya moto. Mapumziko yalipofika, kwenye meza ya sauti palikuwa na foleni. "Potelea mbali," akajisemea, akakimbilia chooni. Huko aliivua maiki mwenyewe na kuitundika shingoni. Alipoinama, chubwi! Na aliyemtangulia hakuwa amevuta maji.

Sieni aliziba pua, akaingiza mkono. Vidole viligusa kitu laini ambacho hakutaka kukijua. Aliitoa maiki, akaifuta kwa karatasi, akaona taa ya kifaa cha kiunoni bado inawaka.

"Mbona imelowa?" Mama Tualagi alimuuliza alipoirudisha kwenye meza ya sauti.

"Jasho, Mama."

"Jasho gani hili? Ulikuwa unaimba au unalima magimbi?"

Wenzake wakacheka. Mama Tualagi, kwa haraka aliyokuwa nayo, aliuma waya wa maiki kwa meno ili apate mikono miwili ya kukata plasta ya kuibandika shavuni mwa Peti. Sieni aliona waya ukigusa ulimi, koko ikampanda kooni. Lakini akisema, wenzake wangemwita Sieni wa Chooni mpaka aolewe. Akaangalia pembeni.

Kisha Peti akaletwa. Aliinua shavu lake, akalamba midomo kama alivyozoea kila akiogopa. Maiki ilikuwa imebakiza upana wa kidole tu kufika mdomoni mwake. Hapo Sieni alijiona mchafu kuliko kile choo.

"Mama, usimvalishe," alisema. "Iliangukia chooni. Na kilikuwa hakijavutwa maji."

Hakuna aliyecheka. Mama Tualagi alitema mate, akatema tena, akaenda kusukutua kwa muda mrefu.

"Nimeila?" Peti aliuliza akitaka kulia.

"Hujaila, mwanangu. Niliyeila ni mimi."

Mama Tualagi na Sieni walinawa kwa sabuni mpaka viwikoni. Peti akapewa maiki kubwa ya mkononi, na Sieni akachuchumaa nyuma ya pazia kumshikia waya usimkwaze. Mtoto aliimba vizuri, watu wakampigia makofi mpaka akasahau woga wake.

Baada ya onyesho, Sieni alivaa glavu, akaisugua maiki kwa spiriti.

"Itapona?" aliuliza.

"Tutajua ikikauka," Mama Tualagi alisema, akaketi kando yake. "Sikiliza, binti. Maiki huangukia chooni hata kwa waimbaji wakubwa. Ungeniambia, ningekucheka kidogo, tukaisafisha, tukaendelea na kazi. Lakini ulisema ni jasho, nami nikakuamini, nikautia uchafu wa choo mdomoni mwangu. Aibu ilikuwa yako, lakini aliyekaribia kuugua ni Peti. Ukikosea, sema mapema, kabla kosa lako halijafika kinywani mwa mtu mwingine."

Sieni alimimina spiriti nyingine kwenye kitambaa, akaanza kusugua upya.