Mafundo ya Mzee Urbano

Upepo wa Singida una fujo zake. Unang'oa bati, unamvua mtu kofia na kuipeleka kwa jirani, unatia mchanga kwenye ugali uliofunikwa vizuri. Lakini upepo, hata ukasirike vipi, haufungi mafundo. Ndiyo maana Yunisi, alipokwenda kuanua nguo nyuma ya makao ya wazee alikofanya kazi, nje kidogo ya Unyambwa, alisimama na beseni lake akashangaa. Kila kanga na kila shuka kwenye kamba lilikuwa na fundo kwenye pindo, fundo dogo lililokazwa hasa. Alipojaribu kulifungua la kwanza, ukucha wake ulikatika.

Aliwasingizia watoto wa jirani, maana hao hawakosekani. Akayafungua mafundo kwa meno, akaingia ndani. Bibi yake, Bibi Lea, mmoja wa wazee waliotunzwa humo, alikuwa amekaa kitandani, uso ameuelekeza mlangoni. Macho yake hayakuona tena, lakini pua na masikio vilikuwa vizima kabisa.

"Yunisi, nani ameingiza ng'ombe humu?"

"Hakuna ng'ombe, bibi."

"Mbona nasikia harufu ya zizi? Na mpira. Mpira uliolowa."

"Ni dawa ya kudekia hiyo," Yunisi aliongopa. Harufu ile aliijua. Ilikuwa ya Mzee Urbano, na Mzee Urbano alikuwa kaburini tangu mwezi uliopita.

Enzi zake mzee huyo alikuwa mfugaji, mtu wa Nduguti. Uzeeni akili ilimhama, na kila alasiri, saa za kurudisha mifugo, alitoka akipiga mluzi kwenda kutafuta ng'ombe waliokwisha kuuzwa zamani. Siku moja alianguka akapasuka paji la uso. Nyumba nzima ya wazee ilikuwa na wahudumu wawili tu, Yunisi na kijana aitwaye Calist, na hawakuweza kumfuata mzee mmoja kila anakokwenda. Matroni Flora, msimamizi wa makao, hakuomba mtu wa tatu. Alileta vipande vya mpira wa tyubu, ule wa kufungia mizigo kwenye baiskeli, akasema mzee afungwe miguu kitandani kwa usalama wake. Yunisi ndiye aliyemfunga, kwa sababu mzee alimkubali. "Mwanangu, usikaze," alimwambia kila siku. Yunisi alikaza, kwa sababu usipokaza mpira unateleza.

Ikaja siku ya kupepeta alizeti. Upepo ulikuwa mzuri, Matroni akawaita wahudumu wote wawili shambani. Kutoka ndani mzee alipiga mluzi, halafu akaita, halafu akanyamaza, nao wakashukuru kuwa amelala. Walimkuta amekufa, kichwa kiko sakafuni na miguu bado imening'inia kitandani. Mpira wa kitandani waliukata, lakini ule uliobana miguu pamoja ulikuwa umezama kwenye nyama, na fundo la mpira likishavutwa sana haliachii tena. Yunisi alikuwa amepiga magoti na kisu mkononi, ndipo getini ikasikika sauti ya Ezekieli, mtoto wa marehemu, aliyekuja kumtembelea baba yake, akipiga hodi.

"Acha hivyo. Funika," Matroni alinong'ona.

"Matroni, kwetu maiti hazikwi na fundo. Hata kamba ya kaptura inafunguliwa."

"Kwenu wapi? Kinyangiri? Bibi yako akirudi huko leo atalala wapi?"

Nyumba yao Kinyangiri iliangushwa na mvua, na Matroni huyo huyo ndiye aliyempa bibi kitanda pasipo maswali. Basi akafunika, na Ezekieli akaambiwa baba yake amefia usingizini. Mzee akazikwa jioni ile ile nyuma ya makao, kwenye safu ya makaburi ya wazee waliotangulia, miguu yake ikiwa imefungwa.

Baada ya mafundo ya kwenye kamba, yalifuata mengine. Vyandarua vilikutwa vimefungwa vitanzi. Mapazia yalisokotwa. Matroni alifoka kwamba wazee wamerudi utoto, na wazee wenyewe, waliokuwa na mikono ya kutetemeka isiyoweza hata kufunga kifungo, walimtazama tu. Kisha Calist alisinzia kidogo barazani baada ya chakula cha mchana, akaamka akipiga yowe. Miguu yake ilikuwa imefungwa pamoja kwa mpira wa tyubu, vidole vimekuwa vyeusi. Yunisi aliukata kwa panga. Calist hakusubiri hata mshahara. Aliondoka akichechemea, ndala moja mguuni, na hakugeuka nyuma.

Hapo Matroni mwenyewe alinywea, akaagiza mganga. Alikuja Mzee Elisha, mtu mfupi, mpole, asiye na mikogo ya hirizi wala mikia ya nyumbu. Alizunguka vyumba vyote na kijungu chake cha moshi, na alipofika kwenye kitanda cha Mzee Urbano, kilichokuwa kitupu, moshi uligoma kupanda, ukatambaa chini.

"Shikamoo, babu," Yunisi alimsalimu kwa sauti ya chini. "Ni nini hiki?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Ni jini la mbugani. Hilo hupenda mtu aliyekwama. Limemkuta marehemu hawezi kwenda, limempanda, limemfanya kiti." Akamtazama Matroni, kisha Yunisi. "Naweza kulichapa likakimbia leo. Kesho litarudi, maana kiti chake kipo. Aliyemfunga mzee huyu amwambie mwenye maiti, halafu amfungue kwa mkono wake. Akijikausha, jini litamfunga mtu wake wa karibu."

"Yunisi, wewe unajua lolote?" Matroni aliuliza, macho yamemtoka.

Yunisi alimfikiria bibi yake akilala chini ya ukuta ulioanguka. "Sijui, Matroni," akasema.

Mganga alitikisa kichwa, akazima moshi wake, akaenda zake. Hakutaka hata maji ya kunywa.

Alasiri ya siku iliyofuata, jua bado kali na wazee wamejilaza, Yunisi akiwa jikoni alisikia mluzi. Ulikuwa mluzi mrefu unaopanda mwishoni, ule wa kuita ng'ombe, na ulitoka ndani ya nyumba. Aliacha sufuria motoni akakimbia ukumbini, na kadiri alivyokimbia ndivyo harufu ya zizi ilivyozidi kumjaa puani, na sakafu aliyoideki asubuhi ilikuwa inateleza kwa mkojo wa ng'ombe asiyeonekana, na mluzi ukawa uko mbele yake, kisha nyuma yake, kisha sikioni kabisa, mpaka akafika chumba cha bibi akakuta kitanda kitupu, akageuka, akasukuma mlango wa chumba cha marehemu, na pale, juu ya kitanda cha Mzee Urbano, Bibi Lea alikuwa amelala chali, amefungwa kwa kanga zake mwenyewe kuanzia vifundoni hadi shingoni, fundo juu ya fundo.

"Bibi!"

"Taratibu, mjukuu wangu," bibi alisema kwa shida. "Yupo. Amekaa miguuni kwangu."

Yunisi alishika fundo la shingoni akalifungua. Mara la kifuani likajikaza. Alipolirukia hilo, la shingoni likajifunga upya mbele ya macho yake, pindo la kanga likijipenyeza lenyewe polepole, bila haraka, kama mtu anayeijua kazi yake. Alilikata kwa kisu, nyuzi zikajisokota. Midomo ya bibi ilianza kubadilika rangi.

"Nilikufunga mimi!" Yunisi alipiga kelele kwa kitanda, kwa ukuta, kwa kile alichokuwa hakioni. "Mzee, nisamehe, ni mimi!"

Mafundo hayakulegea hata kidogo. Maana hakuambiwa aziambie kuta. Alichomoa simu, akatafuta jina la Ezekieli. Matroni Flora alikuwa ameshafika mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili.

"Yunisi, kata hiyo simu. Nakuomba, mwanangu. Watatufunga jela wote. Bibi yako ataenda wapi?"

"Atakuwa hai, Matroni," Yunisi alisema huku analia. Simu ikapokelewa. "Shikamoo, kaka Ezekieli. Ni Yunisi wa makao ya wazee. Baba yako tulimzika amefungwa miguu. Mimi ndiye niliyemfunga. Alikuwa anaita, sisi tukabaki shambani."

Upande wa pili mtu mzima alianza kulia kwa sauti. Kitandani kanga zililegea zote kwa pamoja, na bibi akavuta pumzi.

Kibali kilipopatikana, kaburi lilifukuliwa asubuhi, mbele ya Ezekieli, mtendaji wa kijiji, askari na Mzee Elisha. Matroni aliletwa na askari. Bibi Lea alikaa kwenye kigoda pembeni, maana alikataa kumwacha mjukuu wake peke yake. Yunisi alishuka shimoni, akaomba radhi akimtaja marehemu kwa jina, akapitisha kisu chini ya mpira. Mpira ulikatika. Upepo, uliokuwa unavuma tangu alfajiri, ulitulia ghafla.

"Amekwenda," Mzee Elisha alisema.

Ezekieli alikuwa anampa Yunisi mkono apande juu, ndipo Bibi Lea alipoinua kiganja.

"Nyamazeni. Hamsikii?"

Wakasikiliza. Ilitoka chini, kwenye kaburi la jirani, na lililofuata, na lililofuata tena, kwenye safu yote ya wazee waliozikwa kabla Yunisi hajaajiriwa. Ilikuwa sauti ya visigino viwili vilivyobanwa pamoja, vikigonga mbao.

Ezekieli alimgeukia msimamizi wa makao. "Mama," aliuliza taratibu, "hawa nao?"

Matroni Flora alikaa chini kwenye udongo. Akafunika uso kwa kanga, akaanza kuwataja kwa majina, na kwa kila jina alilotaja, mmoja chini aliacha kugonga akasubiri.