Taa Nyekundu Kwenye Gari la Mikate

Nyumbani kwa Mama Pacha, harufu ya mikate ndiyo iliyoamsha watu. Ikishapenya vyumbani, wale mapacha walitoka kitandani wenyewe na kwenda kupanga mikate kwenye kreti. Mama Pacha alifuta unga usoni, akashika usukani. Yeye ndiye aliyekuwa dereva. Baba Pacha alikuwa mwenye tanuri na pia, kwa kujiteua mwenyewe, mkaguzi mkuu wa gari.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, lenye umri wa kuheshimiwa. Betri yake ilikuwa imechoka. Kwa hiyo kila jioni waliliegesha kwenye mteremko mbele ya nyumba, pua ikitazama chini. Asubuhi waliliachia literemke, Mama Pacha akaachia klachi, likawaka. Majirani walicheka, naye alicheka nao. Kabla ya gari hilo alikuwa akisukuma mikate kwa mkokoteni, hadi mgongo ukagoma kunyooka. Hakutaka kuurudia mkokoteni hata kwa dawa.

Asubuhi moja Baba Pacha alifungua boneti kama kawaida yake. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena.

"Imejaa mpaka alama ya juu," alisema. "Nenda, mke wangu. Gari liko fiti."

Mama Pacha akaenda. Alipokaribia hospitali, ambako kulikuwa na wateja wake wakubwa, taa nyekundu yenye picha ya birika iliwaka mbele yake. Siku za karibuni ilikuwa ikimetameta gari likisimama, kisha inazima. Safari hii haikuzima. Injini nayo ilianza kugonga, ko, ko, ko.

Alisogea pembeni, akampigia mumewe simu.

"Taa ya oili imewaka, Baba Pacha. Haizimiki."

"Si nimepima sasa hivi? Oili imejaa. Hiyo ni sensa tu, kile kidude kinachowasha taa, inaleta maneno. Chomoa waya wake, taa itazima, uendelee na safari. Wateja wanangoja!"

"Nikichomoa waya, taa itanyamaza. Je, hicho kinachogonga nacho kitanyamaza?"

Baba Pacha alikata simu, akakimbilia baiskeli yake.

Mama Pacha alitazama kreti nyuma yake. Akichelewa, wateja watanung'unika. Lakini injini ikifa, biashara nzima itarudi kwenye mkokoteni. Aliogopa, tena sana. Akapiga moyo konde, akazima injini.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na gereji ya Fundi Kimya. Watu walimpa jina hilo kwa utani, maana hajawahi kunyamaza.

"Umezima mwenyewe, dada?" aliuliza akija mbio. "Hongera! Wengine huniletea injini imeshanoki, imekufa kabisa, ndipo wananiambia taa iliwaka tangu juzi. Tangu juzi! Mtu anaona nyekundu, anaona pambo!"

Walilisukuma gari hadi kwenye sakafu tambarare ya gereji.

"Kwani hii taa inasema nini hasa?" Mama Pacha aliuliza.

"Inasema presha ya oili imeshuka. Ndani kuna pampu inayosukuma oili ipite katikati ya vyuma. Presha ikishuka, chuma kinasaga chuma. Taa ya petroli ikiwaka, unaweza kutafuta kituo. Hii ikiwaka, unasimama mahali salama na kuzima papo hapo. Dakika chache tu zinatosha kuua injini. Sasa tungoje kidogo, oili ishuke chini, halafu tupime."

Baba Pacha alifika kwa baiskeli, akihema. Kwanza alibeba kreti za hospitali begani, akazipeleka. Zilichelewa, lakini zilifika. Aliporudi, fundi alichomoa kijiti mbele yake. Ncha tu ndiyo iliyokuwa na oili.

"Haiwezekani!" Baba Pacha alisema, macho yamemtoka. "Nimepima kwa mkono wangu huu!"

"Umepimia wapi, kaka?"

"Nyumbani. Palepale linapolala."

"Kwenye mteremko," Mama Pacha alisema taratibu.

Fundi Kimya hakusema kitu, na hiyo ilikuwa ajabu. Alichukua beseni lenye maji kidogo, akaliinamisha. Maji yalikimbilia upande mmoja.

"Ukipimia huku, beseni limejaa," alisema. "Ukipimia kule, kavu. Oili nayo ilikimbilia mbele, kwenye kijiti. Ulipima kwa bidii, kaka, ila mahali sipo."

Baba Pacha alikuna kichwa. "Kumbe siku zote nilikuwa napima mteremko."

Fundi aliingia chini ya gari. Nati ya kumwagia oili ilikuwa imelowa. Kipete chake cha shaba kilikuwa kimelika, na oili ilivuja tone kwa tone. Aliweka kipete kipya. Kisha akajaza oili ya aina inayotakiwa na gari hilo. Alijaza kidogo kidogo, akipima, asivuke alama ya juu, kwa sababu kuzidisha nako kunaharibu.

Mwisho alifungua sensa, akafunga geji ya kupimia presha mahali pake. Akaliwasha gari kwa betri ya gereji. Mshale ulipanda. Injini ilipopata moto, mshale haukuanguka, na ule mlio wa kugonga haukusikika tena.

"Injini yenu ni nzima," alisema. "Lakini sikilizeni. Siku mkiikuta oili iko sawa na taa bado inawaka, msiliendeshe hata mpaka kona ile. Niiteni nije na geji. Huenda ni sensa, huenda chujio limeziba, huenda pampu imechoka. Hatubahatishi, tunapima."

Mama Pacha alishusha pumzi, akacheka kwa furaha.

Walinunua betri nzuri. Tangu hapo gari likalala uani, mahali tambarare, na Mama Pacha akawa anapima oili mwenyewe kabla ya kuliwasha. Akizungusha ufunguo, taa nyekundu huwaka. Injini ikishika, inazima, kama inavyotakiwa.

Jumapili moja, mdogo wake Baba Pacha, dereva wa teksi, alisimama langoni, injini ikinguruma.

"Shemeji, nipe mikate haraka, nina abiria ananingoja!"

Mama Pacha aliinama dirishani. Mbele ya usukani, taa nyekundu ilikuwa inawaka.

"Na hiyo je?"

"Hiyo? Aa, huwaka tu. Haina neno."

Mama Pacha alipitisha mkono, akazima injini, akachomoa ufunguo.

"Teremka, shemeji," alisema. "Abiria wako mtafutie gari lingine. Hili tunalisukuma hadi uani."