Swala, Kijiko na Kisu cha Karisa

Kila asubuhi, baada ya kufungua duka lake pale Changamwe, Bwana Hamoud alikunja karatasi za sukari. Alizikunja mfano wa pembe na kuzipanga mezani. Mkewe, Alawiya, alipima sukari na kuimimina. Mama yake Alawiya, Bi Mahfoudha, alikaa mlangoni. Yeye kazi yake ilikuwa kuwasalimu wapitao njia. Alimwuliza kila mpita njia habari za watoto wake, mtoto mmoja mmoja kwa jina.

Mwaka huo, mwaka mmoja kabla ya uhuru, Bi Mahfoudha aliugua sana. Miezi miwili alikunywa uji tu. Siku alipopata nguvu za kukaa tena mlangoni, alisema, "Natamani nyama ya swala. Niliila nikiwa msichana, nyumbani kwa baba. Nikiionja tena, nitajua nimepona."

Hamoud alimpenda mkwewe. Akasema mbele ya wateja wote, "Mama, Jumamosi utakula swala. Nitamchinja kwa mkono wangu."

Bi Mahfoudha akamtazama juu mpaka chini. "Wewe Hamoud? Kuku wa Idi alikukimbiza mpaka stesheni."

"Mimi ndiye niliyemkimbiza, Mama."

"Mbona yeye ndiye aliyekuwa nyuma?"

Wateja walicheka. Hamoud alikunja karatasi nyingine, masikio yakimwaka moto.

Jirani yao alikuwa Absalom, Mkamba aliyefanya kazi reli. Absalom alikuwa na bunduki yenye kibali na leseni ya kuwinda. Leseni aliiweka ndani ya Biblia yake ili isipotee. Kila alipokwenda porini alifuatana na Mwislamu mmoja. Mwislamu huyo alimchinja mnyama kabla hajakata roho, na nyama ikawa halali kwa majirani wote. "Nitakulaje nyama," alisema Absalom, "na harufu yake inaingia nyumba ya mtu asiyeweza kuila?"

Aliyezoea kumchinjia, Mahfudh, alikuwa amesafiri kwenda Lamu. Basi Hamoud akajitolea.

"Kisu unacho?" Absalom aliuliza.

"Ninacho kisu, wallahi, hujapata kuona."

Alikuwa amekinunua Kilindini kwa baharia mmoja, kwa shilingi ishirini na mbili. Kilikuwa kisu cha kukunja, kinang'aa kama kioo. Ndani yake mlikuwa na kijiko, uma, mkasi, kizibuo cha chupa na msumeno mdogo.

Alawiya alikigeuza huku na huku. "Na cha kukatia kiko wapi?"

"Kimo humo humo, katikati."

"Mashallah. Kitanda chaweza kutoka pia?"

Jumamosi alfajiri Hamoud na Absalom walipanda treni hadi Maji ya Chumvi. Wakaingia porini kwa miguu. Jua lilipopanda, Absalom alimwona swala dume. Akapiga. Swala akaanguka, lakini alikuwa bado anapumua.

"Haraka, Bwana Hamoud!"

Hamoud alikimbia. Akamwelekeza swala kibla. Akapiga magoti, akavuta kisu chake. Kikatoka kijiko.

"Subiri," alisema.

Akavuta tena. Ukatoka mkasi.

"Subiri kidogo."

Akavuta kwa ukucha, ukucha ukavunjika. Kikatoka kizibuo.

"Bwana Hamoud," alisema Absalom, "hatuna chupa."

Mwishowe ukatoka wembe wenyewe. Hamoud alisema bismillahi, akakandamiza. Kisu kikajikunja, kikamkata kidole. "Uwii!" Alipomaliza kufunga kidole kwa kitambaa, swala alikuwa amekwisha kufa.

Absalom hakucheka. Alivua kofia yake, akainamisha kichwa, kwa sababu mnyama yule alikufa polepole. Hamoud aliyaona macho ya swala. Aibu aliyoipata hapo ilimuuma kuliko kidole.

"Kwangu italiwa," Absalom alisema baadaye kwa upole. "Mke wangu Nduku ataipika. Kwako je?"

"Kwetu haifai. Amekufa kabla ya kuchinjwa."

Walipofika Changamwe, Absalom alipitia njia ya nyuma na mzigo wake, ingawa ilikuwa ndefu. Hakutaka watu wamwulize Hamoud maswali. Hamoud hakuusahau wema huo.

Mlangoni alikuwapo Bi Mahfoudha. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Akakiona kidole. "Ala! Swala wa siku hizi wana meno?"

Hamoud hakusema uongo. Alieleza yote, kijiko, mkasi na kizibuo. Alawiya alijifunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika. Bi Mahfoudha naye alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaushika mkono wa mkwewe ule wenye kitambaa.

"Mimi naweza kungoja, mwanangu. Yule mnyama hakuweza kungoja. Alistahili kisu kikali. Nenda kwa Karisa."

Karisa alikuwa mhunzi, kibanda chake kiko karibu na reli. Alitengeneza majembe, mashoka na visu. Hamoud alipofika, macho yake yalikwenda kwenye kisu kirefu kuliko vyote.

"Nataka kile. Kinatisha."

"Unataka kumtisha nani?" Karisa aliuliza. "Utakapomfikia, swala atakuwa amelala. Hebu nionyeshe hicho cha baharia."

Karisa alikifungua, akakitikisa. Wembe ulicheza kama jino bovu. "Hapa kwenye kiungo ndipo kinapojikunja. Tena damu na mafuta vikiingia humu, utavitoaje? Kisu cha kuwindia kisikunjwe. Kiwe chuma kimoja." Akachukua kisu kisicho na mpini bado. "Unauona huu mkia? Ni chuma kile kile cha makali. Unapita ndani ya mpini mpaka mwisho, nami naubana kwa misumari ya shaba. Hauchomoki."

"Chuma gani?"

"Springi ya lori. Iliyobeba magunia ya mahindi miaka kumi itashindwa na swala?"

"Na urefu?"

"Nipe mkono." Karisa alipima kutoka kwenye kifundo cha mkono wa Hamoud. "Kiganja, na vidole mpaka katikati. Basi. Kinatosha kuchinja, na si kirefu mno kwa kuchuna ngozi. Kirefu kuliko hapo kitakutoboa wewe."

Hamoud akaona aibu kidogo, lakini akauliza tena. "Sasa mimi si mhunzi. Nikienda sokoni, nitajuaje kizuri?"

Karisa akatabasamu. Alipenda mtu anayeuliza. "Umekuja na karatasi ya sukari?"

Hamoud alikuwa nayo mfukoni. Hakukosa karatasi ya sukari hata siku moja. Karisa aliishika juu kwa vidole viwili, akapitisha kisu cha baharia. Karatasi ilichanika, ikabaki na manyoya. Akapitisha cha kwake. Kipande kilianguka chini taratibu, ukingo wake umenyooka.

"Hayo ndiyo makali. Sasa paka mafuta ya nazi mkononi, ushike mpini kwa nguvu. Ukikuteleza, usinunue, kwa sababu damu inateleza zaidi. Kisha ushike wembe kwa kitambaa, ujaribu kuutikisa. Ukicheza, rudisha. Usinunue mng'aro. Kioo kinang'aa, lakini hakichinji."

"Bei gani?"

"Shilingi sita, pamoja na ala ya ngozi ya kukitia."

Hamoud alikikumbuka kile cha ishirini na mbili, akazihesabu hizo sita upesi.

"Kinoe nyumbani kwa jiwe na maji," Karisa aliendelea, "usikinoe mbele ya mnyama. Ukichuna, makali yaelekee mbali na mwili wako. Ukimaliza, kioshe, kikaushe, kipake mafuta kidogo. Usikilaze ndani ya ala yenye maji. Hewa ya pwani hii ina chumvi, itakila kwa kutu. Na ukiweke juu, watoto wasikifikie."

Wiki nzima Hamoud alijaribu kisu chake kwa karatasi za sukari. Alawiya akalalamika, "Wateja wataifunga wapi sukari, kwenye kofia zao?"

Jumamosi ya pili walirudi Maji ya Chumvi. Absalom alipiga, swala akaanguka. Hamoud alifika, akamwelekeza kibla, akakificha kisu nyuma yake asikione mnyama. Bismillahi, Allahu akbar. Mara moja tu. Swala alitulia upesi.

Absalom alivua kofia tena. Safari hii aliirudisha kichwani mapema. "Hata Mahfudh akirudi," alisema, "sasa nina wachinjaji wawili."

Siku hiyo Absalom alipita njia kuu na mzigo wake, mbele ya duka, akisalimia kila mtu. Karisa alipelekewa bega zima. Nduku na Alawiya walipika pamoja uani, mmoja akikuna nazi, mwingine akichochea moto. Walimpikia Bi Mahfoudha paja mpaka likalainika kabisa, maana meno aliyobaki nayo yalikuwa matatu. Nyumba zote mbili zilikaa kula jamvi moja.

Bi Mahfoudha alionja nyama. Alifumba macho kitambo. "Nimepona," alisema. Kisha akautazama mchuzi. "Na huu nitaunywaje? Kijiko kiko wapi?"

Alawiya akainuka kwenda jikoni. Lakini Hamoud alikuwa ametia mkono mfukoni. Akatoa kisu cha baharia, akavuta mara moja tu. Kikatoka kijiko.

Bi Mahfoudha alikunywa mchuzi wote. Akakilamba kijiko, akakigeuza kwenye mwanga.

"Usikitupe, mwanangu," alisema. "Ni kisu kizuri sana kwa mchuzi."