Hodi ya Chumba cha Baridi

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi, hatua mbili kutoka mlangoni, spana bado mkononi. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimechubuka kwa kupapasa ukuta wenye barafu. Alikuwa akiutafuta mlango. Aliukosa kwa urefu wa mkono mmoja.

"Amonia," alisema daktari wa polisi, akivua kinyago. "Imemchoma macho kwanza, kisha mapafu. Dakika tatu, nne, basi."

Inspekta aliinua macho. Askari wenzake walimwita Sindano, kwa kuwa maswali yake hayakuuma mpaka yameshaingia. Juu ya mlango, kisanduku chekundu cha king'ora cha gesi kilikuwa mahali pake. Hakikuwa kimelia.

Wafanyakazi wa kiwanda kile cha barafu walikuwa na desturi yao. Hakuna aliyeingia chumba cha baridi kabla ya kusimama mlangoni, kupiga hodi na kuhesabu hadi kumi. King'ora kikinyamaza, walisema chumba kimekaribisha. Marehemu, fundi wa mabomba, aliifuata desturi hiyo kwa miaka kumi na mmoja. Hata siku hiyo mpakiaji mmoja alimwona kwa mbali akihesabu kwa vidole, wala hakuruka hata kimoja.

Jioni ile mtuhumiwa, fundi wa kompyuta, alikuwa mahabusu. King'ora kiliendeshwa na huduma moja ndani ya kompyuta ya ofisini, programu isiyoonekana kwenye kioo, inayokesha nyuma ya kazi nyingine kama mlinzi asiyepewa kiti. Asubuhi ya msiba fundi huyo, mwanamke mwembamba mwenye macho yaliyokosa usingizi, alikuja kuondoa huduma ya zamani na kuweka mpya. Ya zamani ilikoma, mpya ikagoma kuingia. Msimamizi wa zamu aliapa kwamba mwanamke huyo alimwambia kazi imekwisha salama. Mwanamke aliapa kwamba alimwambia kinyume chake. Neno kwa neno, bila karatasi.

Na nani angemtilia shaka msimamizi? Marehemu alimwoa dada yake. Tangu jana msimamizi alikuwa akilia kuliko mjane.

Kesho yake mkuu wa kituo alitaka jalada lifike kwa mwendesha mashtaka saa nne asubuhi. Kuua bila kukusudia. Sindano aliomba muda wa saa mbili tu, akawapeleka fundi na msimamizi katika ofisi ile, ambayo ilikuwa imefungwa kwa lakiri ya polisi tangu maiti ilipopatikana. Kompyuta ilikuwa ingali inanguruma. Hakuruhusu mtu kuigusa.

"Ulijaribu mara ngapi?" alimuuliza fundi.

"Tatu."

"Ikakujibu nini?"

"Neno lile lile. Huduma ya zamani imetiwa alama ya kufutwa."

"Kwa Kiswahili cha sokoni, dada."

"Imeshafukuzwa, Afande, ila kuna mtu ameishika shati. Asipoiachia, mpya haipati pa kukaa."

"Nani huishika?"

"Mara nyingi ni orodha ya huduma. Mtu anaifungua kwenye kioo, anaisahau wazi. Nilitazama. Upande wangu palikuwa safi."

Sajini aliyemfunga fundi pingu alinong'ona kwamba hata mashine siku hizi zina ndugu wa kuzing'ang'ania. Sindano hakucheka.

"Upande wako. Kuna upande mwingine?"

Fundi alisita. Alieleza kwamba kompyuta moja huweza kubeba watumiaji wawili: mmoja yuko mbele, mwingine kajifungia nyuma na mambo yake yote wazi. Hakufikiria hilo jana. Alifikiria njia ya mkato, kuizima na kuiwasha, maana hapo kila anayeshika huachia. Aliomba ruhusa kwa msimamizi, akaambiwa angoje jioni, mitambo isisimame. Akasisitiza mtu asiingie chumba cha baridi. Msimamizi akasema atawaambia watu.

"Uongo," msimamizi alisema, akijifuta uso kwa leso. "Afande, tuna maziko saa saba. Hiyo mashine si uizime tu uiwashe? Itapona, twende zetu."

Sindano alimgeukia polepole.

"Dawa hiyo umefundishwa na nani?"

"Si huyu? Jana."

"Jana saa ngapi?"

"Hiyo saa nne, alipo..."

Leso ikabaki hewani.

"Jana alikwambia kazi imekwisha," Sindano alisema. "Kazi iliyokwisha inatibiwa nini?"

Inspekta alivuta kiti, akakipiga kofi dogo.

"Kaa. Ingia kwa jina lako. Neno lako la siri liandike mwenyewe."

Vidole vya msimamizi vilikosea mara mbili. Mara ya tatu kioo kiling'aa. Orodha ya huduma ilikuwa wazi, kama alivyoiacha, na mstari wa huduma ya king'ora ulikuwa umechaguliwa: imesimamishwa. Fundi wa kompyuta aliziba mdomo kwa mikono iliyofungwa pingu. Sindano alimwagiza afungue kumbukumbu za mfumo. Huduma ilisimamishwa jana, saa moja na dakika tisa asubuhi. Akaunti ya msimamizi.

"Kililia saa moja," msimamizi alisema hatimaye, akikitazama kioo kana kwamba kinamsomea. "Bomba linavuja. Na mimi miezi mitatu nimetia saini kwamba nimelikagua. Sikuwahi kuingia. Baridi ile inaniua kifua. Nikakizima, niseme kimeharibika. Jumapili ningeliziba mwenyewe, asijue mtu."

"Shemeji yako alipopiga hodi, ulikuwa wapi?"

"Hapa. Mlango wazi."

"Ulimsikia?"

"Alihesabu mpaka kumi. Akaniita, 'Shemeji, leo kimya, eh?' Ningemwambia asiingie, angeniuliza kwa nini."

"Ukamjibu nini?"

Msimamizi aliikunja leso mara nne, taratibu, kama mtu anayetaka ienee mahali padogo.

"Karibu," alisema.

Sajini alizitoa pingu kwenye mikono ya fundi wa kompyuta. Hakuwa na haja ya kuambiwa azipeleke wapi.