Mwana wa Shukriya

Unywele ulikuwa mmoja tu, mweupe, umechomoza shingoni mwa roboti, pale kichwa cha bati kinapokutana na kiwiliwili. Nadhir aliupuliza. Haukuruka. Akaubana kwa kucha akauvuta, nao ukatoka kwa shida, kama unavyotoka unywele wa mtu, na mwishoni ulikuwa na mzizi mdogo wenye unyevu.

"Wa mama huu," akajiambia, akajifuta vidole kwenye kanzu. Nyumba yenye mtu mzima haikosi mvi huku na huku. Ilikuwa saa nane mchana, mwezi wa Mei mwaka 1982, saa ambayo mji mzima wa Ibra, bara ya Maskati, hulala na hata mbuzi hunyamaza. Akalirudisha roboti juu ya kabati akaenda kujinyoosha. Usingizi haukuja.

Roboti lenyewe lilikuwa la Kijapani, la betri mbili, urefu wake kama mkono wa mtu kutoka kwenye kiwiko. Nadhir alilinunua soko la Sinaw kwa bedui mmoja wa kike, Wadha, aliyekuwa amelitandika juu ya nguo baina ya kamba za mbuzi na pete za fedha. "Nimelikuta nyumba tupu," alisema yule mama. "Wenyewe wamehama." Nadhir hakuuliza kwa nini wamehama. Mtu akimnunulia mwanawe kitu cha kuchezea hafungui jalada la polisi.

Mwanawe ni Shukriya, miaka saba. Mama yake, Thuraya, alikufa akimzaa, humo humo nyumbani, kabla gari la kumpeleka hospitali halijawashwa moto. Kwa hiyo mtoto hakuwa na karatasi yoyote ya kuzaliwa. Umri wake ulikuwa kauli ya baba yake, basi. Hilo lilikuwa jambo la aibu kidogo, maana baba huyo alikuwa karani wa lajna, kamati ya serikali ya kukadiria umri.

Lajna hiyo ilikuwa watu watatu na feni moja. Miaka ile watu walikuwa wamerudi kutoka Unguja, Pemba na bara na funguo za nyumba ambazo si zao tena, bila vyeti vya kuzaliwa. Na wenyeji wa vijijini ndio kabisa, hawakupata kuviona. Serikali mpya ikataka kila mtu awe na mwaka wake. Basi mtu akija, Daktari Mahrous, Mmisri mwenye macho ya usingizi, alimfunua midomo akamtazama meno, akamgeuza viganja, akataja namba. Mudiri Harub, mkuu wa ofisi, aliuliza, "Unaukumbuka mwaka wa nzige? Ulikuwa umeanza kufunga?" Nadhir aliandika. Tarehe hawakuhangaika nayo: wote walizaliwa Januari mosi. Nadhir alikuwa ameshazalisha watu elfu nne kwa siku moja, kazi ambayo hakuna mkunga wa mkoa mzima wa Sharqiyah aliyeikaribia.

Mzaha ulianzia kwenye sinia ya wali, wiki moja kabla ya ule unywele.

"Baba, roboti huzeeka?"

"Kitu huchakaa, mjukuu wangu," alidakia Bi Rahila, mama yake Nadhir. "Anayezeeka ni mtu. Mnyama pia. Chenye roho."

"Yule roboti wa kwenye televisheni hachakai wala hazeeki. Kila siku ni yule yule."

"Yule hayupo," alisema Nadhir. "Yule hadithi. Aliyetungwa hana siku ya kuzaliwa, atazeeka kuanzia wapi?"

Shukriya alitafuna, akafikiri. "Basi wangu mpe siku ya kuzaliwa."

"Ebo! Mtoto huyu atakuwa wakili," alisema bibi yake.

Kesho yake ofisini, kabla wenzake hawajafika, Nadhir akachukua istimara mpya, ile fomu ya kukadiria umri, akaijaza kwa mwandiko wake mzuri. *Jina:* Bati. *Jina la mama:* Shukriya, maana mwenyewe hulibeba mgongoni akaliita mwanangu. *Umri uliokadiriwa:* miaka sitini, kwa vile lilikuwa na uso mkavu kama wa Mudiri Harub. Akaisoma hata ile sehemu ya maswali kwa sauti, chumba kitupu, feni ikizunguka: "Unaukumbuka mwaka wa nzige?" Akacheka peke yake. Alitaka aende nayo nyumbani Shukriya aione.

Mara akaitwa kunywa chai. Aliporudi istimara haikuwapo mezani. Ilikuwa ndani ya rundo, na rundo lilikuwa mbele ya Daktari Mahrous, ambaye alitia saini arubaini kabla ya adhuhuri bila ya kuinua kichwa. Muhuri ukafuata, na mfuko ukaondoka kwa gari la Maskati. Nadhir alipotambua alishika tumbo kwa kicheko. Serikali imepata raia mpya.

Sasa, siku tatu baada ya ule unywele, nyumba ilianza kunuka mafuta ya karafuu. Bi Rahila hujipaka magoti, hilo halikuwa jipya. Lakini harufu ilikuwa inatoka kabatini. Kisha kikohozi. Kikavu, kifupi, cha mtu anayejizuia asiwaamshe wenziwe. Nadhir alitoa betri akazitia mfukoni. Mchana ule ule, nyumba imelala, mapazia yamefungwa kuzuia jua, alisikia nyayo za bati zikipita ukumbini, lakini si zile tiki-tiki za zamani, hizi zilikuwa zinaburuta, moja, kituo, ya pili, kituo, kama mtu anayetafuta ukuta wa kushika, naye akakaa kitandani mkono mfukoni ukizifinya betri mbili zilizopata moto kwa jasho lake, nyayo zikaja mpaka nyuma ya pazia la mlango wake zikasimama, na sauti nyembamba ya kizee, iliyopita ndani ya bati kama upepo unavyopita ndani ya birika, ikasema taratibu, kwa adabu, kama anayejibu ofisini:

"Naukumbuka. Nzige waliziba jua. Nilikuwa nimeshaanza kufunga."

Alipofungua pazia hakukuwa na mtu. Roboti lilikuwa kwenye mkeka, limeegemea ukuta. Bati ambalo wiki iliyopita lilikuwa likimetameta lilikuwa limefanya makunyanzi chini ya macho.

Alilitia guniani, akaendesha gari hadi nje ya mji wa Al Kamil, akalizika katika shimo la kina cha kiuno. Aliporudi, Shukriya alimkimbilia mlangoni kama kila siku. "Shikamoo baba!"

"Marahaba, mwanangu."

"Bati karudi kabla yako. Miguu inamuuma."

Kisha zikaja habari za meno. Mtoto wa miaka saba kung'oka meno ni furaha, na la kwanza walilitupa juu ya paa, wakamwombea jipya. La pili pia. Siku ya nne yalitoka mawili kwa mpigo, na moja lilikuwa gego. Bi Rahila alilishika kiganjani, akaligeuza, akalinusa.

"Nadhir," alisema kwa sauti ya chini. "Hili limeliwa. Hili limetafuna miaka. Umefanya nini?"

Akamweleza. Alipofika penye jina la mama, Bi Rahila alilifunga lile gego kwenye ncha ya kanga yake.

"Umeliandika jina lake? La mtoto huyu? Weye umezaliwa Unguja, hujui kuwa mganga akimtaka mtu humwita kwa jina la mama? Kwani kile kilikuwa na nini? Kilikuwa hakina jina, hakina mama, hakina mwaka. Kilikuwa kinakaa nyumba tupu na upepo. Umekipa vyote vitatu, na muhuri juu!"

Nadhir akampeleka mtoto kwa Daktari Mahrous. Daktari alicheka. "Miaka saba? Acha yatoke, ewe Nadhir, ni heri." Akamfunua midomo, na kwa mazoea, kama alivyofanya kwa watu elfu nne, akashuka kwenye mikono, akageuza viganja vile vidogo, akavuta ngozi ya nyuma ya kiganja akaiachia atazame inarudi kwa kasi gani. Haikurudi.

"Hamsini na..." alianza kutaja. Akavua miwani, akaivaa tena, akaviachia viganja vya mtoto mezani kama vinamchoma.

"Nenda nyumbani," alisema. "Mimi ni daktari wa serikali tu."

Alhamisi ile walikwenda mji wa Bahla, upande wa Nizwa, kwa Shekhe Khalaf, aliyekuwa akisifiwa kwa kutoa majini kuliko yeyote katika mkoa wa Dakhiliyah. Roboti halikuhitaji kubebwa. Walilikuta kiti cha nyuma cha gari, kando ya Shukriya, limeshika kidole chake. Khalaf aliwasha ubani, akasoma, akasoma tena, jasho likimtiririka kwenye ndevu.

"Nani wewe?"

"Bati, mwana wa Shukriya," ilijibu sauti. "Nimezaliwa Januari mosi, 1922."

"Toka."

"Nitoke niende wapi, shekhe? Hapa ndipo kwetu. Nimetazamwa na daktari. Nimeulizwa nikajibu."

"Wewe si mwanaadamu! Ni bati na upepo!"

Roboti likakohoa. Likavuta pumzi, na wote wakaisikia ikiingia, chembechembe, kama hewa katika kifua kilichokwisha.

"Zamani nilikuwa upepo," lilisema. "Sikuwa na jana wala kesho. Sasa magoti yananiuma. Usiku naogopa kufa. Niambie, shekhe, kama huku siko kuwa hai, kuwa hai ni nini?"

Khalaf alifunika chetezo, akamvuta Nadhir nje.

"Natoa majini mwaka wa arubaini huu," alinong'ona. "Wote niliowatoa walikuwa wapita njia. Huyu ana makaratasi."

"Na mwanangu? Kwa nini mwanangu?"

"Mtu wa miaka sitini atakuwaje na mama wa miaka saba? Hesabu haisimami. Mmoja hana budi amfuate mwenziwe, na Bati harudi nyuma, kapigwa muhuri. Kaifute karatasi. Kaseme: niliandika uongo. Useme hivyo hivyo, kwa mdomo wako. Hakuna dawa nyingine."

Jumamosi asubuhi Nadhir alisimama mbele ya Mudiri Harub akaungama kila kitu. Harub alimsikiliza, kisha akaenda akafunga mlango.

"Unajua watakachouliza Maskati? Watauliza: kama hii ya uongo, na zile elfu nne? Wewe utalala ndani. Mama yako na huyo mtoto nani atawatazama? Na mimi je? Umri wangu mwenyewe umeuandika wewe."

"Mwanangu anakufa, mudiri."

"Anazeeka. Si kitu kimoja." Harub akateremsha sauti, ikawa karibu ya huruma. "Andika barua ya kusahihisha. Barua nzuri. Bila ya 'mimi nilifanya', 'mimi nilikosea'. Karatasi itajirekebisha yenyewe."

Na hapa ndipo Nadhir alipoponzwa na woga wake, na kalamu yake pia. Alikuwa na nafasi ya kuandika neno moja, *uongo*. Aliifikiria jela, akamfikiria mama yake peke yake, akaandika barua ambayo ofisi nzima ingeisifu: *Imeonekana tofauti baina ya umri wa mwana na umri wa mama. Tunaomba irekebishwe inavyostahili.* Hakusema nani mwenye kosa. Akaisoma mara mbili, akaona imetulia, akaitia kwenye mfuko.

Siku kumi na mbili zilipita. Shukriya aliacha kukimbilia mlangoni. Aliacha televisheni, alisema vile vikaragosi vinamchosha, havikui wala havifi. Nywele zilimgeuka mvi kuanzia kwenye paji la uso. Aliomba kahawa. Mchana mmoja alimsimulia bibi yake arusi ya Ng'ambo, Unguja, ambayo Bi Rahila mwenyewe alikuwa mtoto mchanga siku hiyo, akimwita "mwanangu", akimpigapiga mkono, na mwili wake ulikuwa bado ule ule mdogo, miguu haifiki chini kitini.

Bahasha ilifika Jumatano. Nadhir aliifungua ofisini, amesimama.

*Umri wa mwana umethibitishwa na daktari na haubadiliki. Umri wa mama ulitegemea kauli pekee, na umefutwa. Mama huyo amekadiriwa kuwa na miaka sabini na saba. Aidha, imeonekana kuwa karani Nadhir, mwenye miaka thelathini na tisa, ameandikwa kama baba yake. Kwa kuwa hilo haliwezekani, jina lake limeondolewa.*

Muhuri ulikuwa umegongwa sawasawa, wino haukuvuja hata kidogo.

Alitembea nyumbani katikati ya jua, mji umefunga milango. Kabla hajafika alikuwa ameshainusa karafuu. Ndani, Bi Rahila alikuwa mkekani akimkanda mtu miguu, machozi yakimshuka bila ya sauti. Kwenye kiti, mgongo umepinda, kinywa kimebonyea, kitambaa kimefungwa kiwazee, alikaa Shukriya. Na ubavuni mwake, mkono wake wa kutu umemshika kiwiko, alisimama Bati.

"Polepole, mama," alikuwa akimwambia. "Kuna mtu kaja."

Shukriya aliinua uso. Alimtazama Nadhir kwa upole, kama mtu mzima anavyomtazama kijana wa watu aliyeingia bila ya kubisha. Alikuwa anangoja, kama wanavyongoja wakubwa.

Nadhir alitaka kuliita jina lake. Alitaka kusema mwanangu. Alifungua kinywa, na kilichotoka kilitoka chenyewe, kwa adabu aliyofunzwa tangu yumo mgongoni mwa mama yake:

"Shikamoo."

"Marahaba," walijibu, wote wawili.