Mama Hana Pepo

Kila siku ya shule, kabla jua halijapanda juu ya mapaa ya Kibarani, Mbeyu na mama yake walitoka nyumbani pamoja. Mbeyu alibeba mkoba wa vitabu. Mama yake, Kadii, alibeba aproni ya buluu aliyoikunja na kuibana kwapani. Walikuwa wakienda mahali pamoja, kwa maana Mbeyu alisoma gredi ya saba na Kadii alikuwa mpishi wa shule hiyo hiyo.

Kadii aliipenda kazi yake. Alikoroga uji kwa mwiko mrefu kama kasia, huku akiimba kwa sauti ya chini, na mchana alipakua mahindi na maharagwe. Watoto wadogo walimwita Mama Uji. Mtoto aliyekuja shuleni hajala kitu tangu jana yake, Kadii alimtambua kwa kumtazama tu, na bakuli lake alilijaza bila kumuuliza. Baba yake Mbeyu, Ngumbao, alikuwa mlinzi katika hoteli moja ya Kikambala, na alirudi nyumbani mara moja moja. Kwa hiyo siku nyingi nyumba ilikuwa ya Mbeyu na mama yake tu.

Mwaka ule Kadii alianza kubadilika. Alitokwa na jasho hata asubuhi zenye ubaridi, akajipepea kwa upindo wa leso. Usingizi ulimkimbia. Kifuniko cha sufuria kikianguka, aliruka kama mtu aliyesikia bunduki. Tena alikuwa akisimama ghafla, mkono kifuani, macho yakiwa mbali.

"Mama, una nini?" Mbeyu aliuliza.

"Moyo wanienda mbio, mwanangu. Ni uchovu. Utapita."

Ili kuufukuza uchovu huo, Kadii alikunywa chai nyeusi yenye majani mengi, kikombe baada ya kikombe. Lakini moyo haukutulia.

Shangazi yake Mbeyu, Kabibi, aliyekaa Mnarani ng'ambo ya daraja, alikuja kuwaona. Alimtazama wifi yake kwa muda, akatikisa kichwa. "Mtu mzima hatetemeki hivi bure," alimwambia Mbeyu pembeni. "Mamako amepandwa na pepo. Ni wa kupungwa."

Mbeyu hakujua kama aamini au asiamini. Maneno yale yalibaki kichwani mwake.

Siku moja wakati wa chakula cha mchana, wanafunzi wakiwa wamepanga foleni, upawa ulimponyoka Kadii. Maharagwe ya moto yalimwagika chini. Kadii aliketi sakafuni, jasho likimtiririka, mikono yote miwili imeshika kifua. "Nakufa," alisema. "Ee Mulungu, nakufa." Mwalimu mmoja alikuja mbio na maji. Baada ya kitambo kidogo, pumzi ilimrudia Kadii, akainuka, akaokota upawa wake kwa aibu.

Hakufa. Lakini nyuma ya madarasa, Charo, mvulana mwenye mizaha, alikuwa tayari amejitupa chini akimwiga, na wenzake wakicheka hadi kushika mbavu. Mbeyu alipita hapo akitamani ardhi imfunike. Penye mfereji wa maji ya kunywa, rafiki yake Safaa alimuuliza mbele ya wasichana wengine, "Mbeyu, mamako ana nini?"

Angeweza kusema, "Mama ni mgonjwa." Angeweza hata kunyamaza. Lakini aliona wote wanamtazama, akaogopa kuhesabiwa pamoja na yule anayechekwa. Akajitia kucheka pia.

"Ana pepo," alisema. "Nyumbani ndivyo alivyo kila siku."

Wasichana walitazamana. Hakuna aliyecheka tena. Na neno likitoka kinywani halina kamba ya kulivutia nyuma. Kabla ya mwisho wa juma, watoto waliacha uji kwenye mabakuli. Wengine walikuja na chakula kutoka kwao. Mtoto mmoja wa gredi ya pili, yule ambaye Kadii alikuwa akimjazia bakuli, alirudi nyuma alipomwona anamkaribia, akalia.

Kisha wazazi wakaja. Walikuja na Mzee Thuku, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, wakaingia kwa mwalimu mkuu, Bwana Taib. Mbeyu aliwasikia kupitia dirishani. "Mwanamke mwenye pepo hawezi kuwapikia watoto wetu," Mzee Thuku alisema. "Watoto wenyewe wanasema, na aliyewaambia ni wa ndani ya nyumba."

Bwana Taib alikuwa mtu mpole, lakini upole wake haukuwa na mgongo. Alimwita Kadii akamwambia kwa sauti laini, "Pumzika kwanza, mama. Ukipona tutaonana."

Siku ile walirudi nyumbani pamoja. Kadii alipofika alifua aproni ya buluu, akaianika, na ilipokauka akaiweka chini kabisa ya sanduku la nguo. Mbeyu alitaka kusema. Badala yake alichukua ndoo akaenda kuchota maji.

Tangu hapo Kadii alizidi kudhoofika. Sasa hakuogopa moyo tu. Aliogopa hata kuogopa. Sokoni hakwenda, asije akaanguka. Kanisani alikaa karibu na mlango. Wifi yake Kabibi alileta habari kwamba mganga atakuja nyumbani kwake Mnarani siku ya Jumamosi, na Kadii, kwa kukosa pa kushika, alikubali.

Jumamosi ile alimchukua Mbeyu, wakashika njia kwa miguu. Walipofika katikati ya daraja la Kilifi, lori kubwa lilipita na daraja likatetemeka chini ya nyayo zao. Kadii alisimama. Alishika reli kwa mikono yote miwili, akawa hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Uso ulilowa jasho na midomo ilikauka.

"Mama, nishike mimi," Mbeyu alisema. Alikuwa analia. "Nitazame. Usitazame maji."

Wapita njia waliwapisha kwa mbali, kama watu wanaopisha ng'ombe mkali. Hakuna aliyesimama. Mbeyu alimshika mama yake kiunoni, akawa anampapasa mgongo, mpaka mikono ya Kadii ikaanza kulegea kwenye reli.

"Mamangu nilimwona akipelekwa kwa mganga namna hii," Kadii alisema, pumzi ikiwa bado fupi. "Hakurudi mzima. Mimi siendi. Kama ni kufa, nife nikijua kinachoniua. Nipeleke kwa daktari."

Wakageuka. Hatua kwa hatua, wakipumzika kila walipopata kivuli, walirudi mjini hadi kwenye kituo cha afya.

Walipokewa na Bi Radhia, daktari wa kituo hicho, mwanamke wa makamo aliyejifunga mtandio mweupe. "Shikamoo," Mbeyu alisalimu.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, kaeni kitako. Mama, nieleze polepole, hatuna haraka."

Bi Radhia alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Aliuliza umri wake, na kama hedhi yake ilikuwa ikija kama zamani. Kadii alimtazama Mbeyu kwa haya, kisha akajibu kwamba imekuwa ya kubahatisha: mwezi yaja, miezi yapita bila kuja. Akapimwa presha, akatolewa damu, akalazwa kitandani na kubandikwa nyaya kifuani za mashine inayochora mapigo ya moyo. Siku ya majibu walirudi pamoja.

"Dada yangu," Bi Radhia alisema, "moyo wako ni mzima. Damu yako inatosha, na tezi ya shingoni haina kasoro. Wewe umefika umri wa kukoma hedhi. Mwili unabadilika, na kwa baadhi ya wanawake mabadiliko hayo huleta joto la ghafla, kukosa usingizi, moyo kwenda mbio na hofu isiyo na sababu. Si pepo, si laana, na wala hukujitakia."

"Kwa hiyo sifi?"

"Kwa hili, hufi. Lakini umefanya vyema kuja, kwa maana moyo kwenda mbio huweza kuwa na sababu nyingine, na hakuna ajuaye bila kupimwa. Ukisikia maumivu ya kifua, ukizimia au ukikosa pumzi, usingoje. Njoo mara moja."

Kisha akamfundisha. Apunguze ile chai kali, kwa sababu inauchochea moyo badala ya kuutuliza. Atembee kila asubuhi. Moyo ukianza kwenda mbio, aketi, avute pumzi polepole kwa pua, aitoe polepole zaidi kwa mdomo, na ajiambie kwamba hali ile itapita. Hofu ikizidi au joto likimshinda, arudi; dawa zipo, na ushauri upo. "Na usikae nalo peke yako," alimaliza. "Jambo hili likifichwa hukua."

Mbeyu alidhani mama yake angefurahi. Badala yake Kadii aliinamisha kichwa, akalia kwa kwikwi.

"Mamangu alikuwa hivi hivi," alisema. "Usingizi ulikuwa haumjii. Alikuwa akitoka nje ya nyumba kujipepea, akizunguka uani, mkono kifuani. Wanakijiji wakasema mwanamke anayezunguka uani watu wamelala ni mchawi. Akapelekwa kwa mganga, akafukizwa moshi, akapigwa ili akiri. Mwisho akafukuzwa, akafa jikoni kwa watu baki. Na mimi, bintiye wa kumzaa, hata mimi nilimwogopa. Nilikuwa nikipitia njia nyingine nisikutane naye." Alifuta macho kwa leso. "Hakuwa mchawi. Maisha yangu yote niliamini hivyo, kumbe hakuwa mchawi."

Bi Radhia alisogeza kiti chake karibu. Akamshika mkono.

Mbeyu alihisi kama aliyemwagiwa maji ya barafu. Neno lililomuua nyanya yake ni ndugu wa lile alilolitamka yeye pale kwenye mfereji. Walipofika nyumbani hakuweza kulibeba tena.

"Mama, ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyewaambia wenzangu una pepo. Niliona aibu. Nisamehe."

Kadii hakumpiga, wala hakumgombeza. Aliketi kwenye kigoda akamtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kumkumbuka mgeni. Mtazamo ule ulimuuma Mbeyu kuliko kiboko.

"Neno ulilolisema mbele ya watu," Kadii alisema mwishowe, "huwezi kunitakia radhi kwalo humu jikoni."

Mbeyu alielewa. Kulipokuwa na mkutano wa wazazi, alimwomba Bwana Taib ruhusa, akasimama mbele ya ukumbi. Aliwaeleza kwamba alisema uongo kwa kuogopa kuchekwa. Aliwaeleza aliyoyasema Bi Radhia, moja baada ya jingine, hata lile la hedhi, ingawa wanaume wengine waliguna na kutazama chini. "Mama yangu hana pepo," alimalizia. "Ana umri ambao kila mwanamke akijaaliwa ataufikia."

Mzee Thuku alikohoa.

"Mtoto amesema, na kusema kweli ni jambo jema," alisema. "Lakini mpishi mwingine tumeshampata, na hatuwezi kumwondoa. Tuendelee na ajenda."

Ikawa basi. Bwana Taib alichezea kalamu yake. Hakuna aliyeomba radhi, wala Charo, wala wazazi wake, wala wale waliokuja siku ile kumshtaki. Kadii aliinuka kutoka benchi la nyuma, akamshika Mbeyu mkono, wakatoka. Mbeyu alimsikia akivuta pumzi polepole kwa pua, akiitoa kwa mdomo. Hakutetemeka.

Walikuwa wamefika langoni waliposikia viatu nyuma yao. Alikuwa mama yake Charo. Mbeyu alimkumbuka vizuri. Siku ile kwa mwalimu mkuu, sauti yake ndiyo iliyokuwa kali kuliko zote. Sasa alitazama nyuma kwanza, kama mtu anayeogopa kuonekana.

"Mama Mbeyu," alinong'ona. "Mimi pia huamka nimelowa jasho. Moyo unagonga mpaka nadhani jirani anausikia. Sijamwambia mtu, hata baba Charo." Alitazama tena nyuma. "Huyo Bi Radhia, hupatikana siku gani?"

Kadii alimtazama. Mbeyu aliona shingo ya mama yake ikikaza, na akajua kwamba yapo maneno makali yaliyokuwa tayari mdomoni, na kwamba mama alikuwa na haki nayo.

"Jumatatu hadi Jumamosi," Kadii alisema. "Nenda asubuhi, foleni huwa fupi. Ukiogopa kwenda peke yako, pitia kwangu. Na chai kali ya rangi, ipunguze."

Mwanamke yule aliitikia kwa kichwa, akarudi ukumbini akipitia upande wa nyuma.

"Mama, mbona umemsaidia?" Mbeyu aliuliza, machozi ya hasira yakimlenga. "Yeye amekufukuzisha kazi."

"Sijamsamehe," Kadii alisema. "Pengine nitamsamehe, pengine la. Lakini mamangu alikufa kwa kukosa mtu mmoja wa kumwambia ni nini kilichokuwa kikimpata. Ugonjwa usiojulikana, watu huupa jina baya, na jina likishatolewa halirudi, hata ukilikana mbele ya ukumbi mzima. Umeona mwenyewe leo. Basi ukiona mtu anateseka nawe hujui sababu, sema hujui, kisha umpeleke kwa anayejua. Usimpe jina."

Mbeyu alitikisa kichwa kukubali. Ukumbini, Mzee Thuku alikuwa akisoma ajenda iliyofuata. Wakashika njia ya Kibarani.